Foleni Yako Inaanzia Kitandani

Ukitaka kuwasha moto kati ya mashabiki wa bustani za burudani, uliza swali moja tu: kati ya Disney na Universal pale Orlando, Florida, nani anashinda? Kila mtu ataibuka na namba. Huyu atakwambia Magic Kingdom ya Disney ndiyo bustani inayopokea watu wengi zaidi duniani. Yule atakujibu kwamba Universal ilifungua Epic Universe Mei 2025, kwa hivyo hesabu ya zamani itupwe. Mimi nimefuatilia huu ushindani kwa miaka, nikiwa hapa Nairobi na simu ya kioo kilichopasuka, na Florida sijawahi kuikanyaga. Lakini nimefika mahali naamini hivi: kuhesabu vichwa langoni hakutuambii tena nani anakula na nani analiwa. Siku hizi mchezo unachezwa kwa vitanda.

Najua kuna msee anauliza, wewe mtoto wa Umoja, Orlando inakuhusu na nini? Inanihusu kwa sababu mbili. Kwanza, kuna anti yangu anayeishi Texas ambaye ameweka akiba miaka mitatu apeleke familia huko, na kazi ya kutafuta hoteli ilinianguka mimi. Pili, moja ya hoteli za bei kali kabisa za Disney inauzwa kwa Kiswahili. Kwa lugha yetu kabisa, mlangoni. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na namba.

Hizi kampuni hazitangazi idadi ya watu kwa kila bustani. Namba tunazorushiana mtandaoni zinatoka kwa ripoti ya kila mwaka ya Themed Entertainment Association, na ni makadirio. Kwa makadirio hayo, Magic Kingdom ilipokea karibu watu milioni 21 mwaka 2019. Korona ikaja, malango yakafungwa Machi 2020, Disney ikafungua tena Julai, na mwaka huo wote bustani hiyo ikahesabiwa watu kama milioni 7. Kufikia 2023 ilikuwa imepanda hadi milioni 17.7. Bado ni ya kwanza duniani, lakini angalia vizuri: kuna watu milioni 3 ambao hawakuwa wamerudi. Jirani yake Animal Kingdom iliumia zaidi. Ilitoka karibu milioni 14 mwaka 2019 ikawa chini ya milioni 9 mwaka 2023.

Sasa geukia Universal. Mwaka 2009 bustani yao ya Islands of Adventure ilikuwa inavuta watu milioni 4.6 tu. Juni 2010 wakafungua kijiji cha Harry Potter ndani yake. Mwaka 2011 wakahesabu milioni 7.7. Mwaka 2022 wakafika milioni 11, wakazipita bustani tatu kati ya nne za Disney pale Florida, wakabaki nyuma ya Magic Kingdom peke yake. Halafu 2023 wakateleza hadi milioni 10.

Kwa hivyo ukihesabu vichwa tu, utasema Disney inachechemea na Universal inapanda kwa mwendo wa kinyonga. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba pesa inasimulia hadithi nyingine. Mwaka wa fedha wa 2019, kitengo cha Disney kinachosimamia bustani, meli na bidhaa kote duniani kilipata faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 6.8. Mwaka wa fedha wa 2024 kitengo hicho kilipata zaidi ya dola bilioni 9. Yaani bustani yao kubwa kuliko zote imepoteza mamilioni ya watu, na kitengo kizima kinaleta pesa nyingi kuliko zamani. Hapo ndipo nilipoanza kujikuna kichwa.

Jibu ni kwamba kila kichwa kinacholetwa langoni kinakamuliwa zaidi. Walt Disney World ilipofunguliwa Oktoba 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, na vifaa vya kupanda ulinunulia kuponi. Leo tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, msimu wa watu wengi, inapita dola 180. Bei inabadilika kulingana na tarehe, sawa na vile nauli ya mat inavyopanda mvua ikianza kunyesha pale Archives. Na kulikuwa na mfumo wa kuruka foleni uliokuwa bure, FastPass. Ulikufa wakati wa korona, na Oktoba 2021 ukafufuka kama huduma ya kulipia. Leo unaitwa Lightning Lane. Kitu kilichokuwa bure kimekuwa bidhaa, na kitu chenyewe ni muda wako.

Na muda unauzwa vizuri zaidi mahali gani? Mahali unapolala.

Zamani hoteli ya ndani ya bustani ilikuwa na kazi moja, kukuzuia usitoke na pesa zako. Siku hizi inafanya kazi nyingine juu ya hiyo: inaamua wewe ni nani kwenye foleni. Disney ina hoteli zaidi ya 25 pale Florida, zimepangwa kwa madaraja, za bei ya chini, za kati na za juu kabisa. Ukilala kwa yoyote unaingia bustanini nusu saa kabla ya watu wengine. Ukilala kwa zile za daraja la juu, kuna usiku fulani unabaki ndani baada ya wengine kufukuzwa. Kuna vitu pia wanavyokupa na kukunyang'anya. Basi la bure kutoka uwanja wa ndege liliisha Januari 2022. Maegesho ya usiku waliyaanza kulipisha 2018, watu wakalalamika miaka, wakayarudisha bure Januari 2023. Ukiona hoteli inarudisha kitu bure, jua kuna vitanda jirani vinaipa presha.

Na jirani mwenyewe ni Universal. Wao wana hoteli 11 sasa, na wamecheza ncha mbili kwa wakati mmoja. Juu, hoteli tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zinakupa Express Pass ndani ya bei ya chumba. Hiyo ni ruhusa ya kuruka foleni mara nyingi utakavyo kwa zile bustani mbili za zamani, na kila mtu aliyeandikishwa kwa chumba anaipata. Epic Universe haimo kwenye hiyo ofa. Chini, wamejenga vyumba kwa maelfu kwa ajili ya mifuko ya kawaida: Cabana Bay ya 2014 ina vyumba 2,200, na zile mbili za Endless Summer, zilizofunguliwa 2019 na 2020, zina 2,800 kwa pamoja. Kwa ajili ya Epic wakaongeza Stella Nova na Terra Luna, vyumba 750 kila moja, halafu Helios Grand yenye vyumba 500 na mlango wake wa kuingilia bustanini. Hebu fikiria. Unatoka kitandani, unashuka, uko ndani. Huo mlango ndio bidhaa yenyewe.

Sasa turudi kwa anti.

Anti anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na hiyo akiba imetoka kwa chama cha Wakenya wenzake huko Texas. Familia ni yeye, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 7, na shosho, ambaye ana viza, ana miaka 72, na ana goti linalomsumbua. Safari ni Agosti. Ujumbe wake kwa WhatsApp ulikuwa mfupi: "Mtoto wangu, si wewe ndiye unashinda kwa hizo video? Nitafutie mahali tutalala. Na usinichagulie kitu cha mabwanyenye."

Moyo wangu ulikuwa tayari na jibu. Jambo House.

Kama hujawahi kusikia, Disney ina hoteli inaitwa Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Jengo moja linaitwa Jambo House, lingine Kidani Village. Unakula Boma, au Jiko, au Sanaa. Chakula cha haraka unakipata mahali panaitwa The Mara. Bwawa moja la kuogelea linaitwa Uzima, lingine Samawati. Vyumba vya bei vina roshani zinazotazama nyika ya kutengenezwa yenye twiga, punda milia na ng'ombe wa Ankole. Naam, ng'ombe. Kuna watu wanalipa dola mia kadhaa kwa usiku kuamka wakitazama ng'ombe, na mjomba wangu angewaonyesha bure kabisa, pamoja na kazi ya kuwakamua.

Ukienda bustani yenyewe ya Animal Kingdom, kuna mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki unaoitwa Harambe. Ni harambee yetu, wameibakisha na herufi moja pungufu. Kuta zake zimechakazwa kwa makusudi zionekane za kale. Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, na kuna Dawa Bar. Sitajifanya, mara ya kwanza kuona hivyo vitu kwa video nilitabasamu peke yangu kwa mat. Kuna raha fulani kuona neno la nyumbani limeandikwa kubwa mahali dunia nzima inapita.

Lakini raha hiyo ina upande mwingine. Hii ni kampuni iliyoomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya nguo mwaka 1994, ikakubaliwa 2003, na mwishoni mwa 2018 watu wakasaini malalamiko mtandaoni kwa hasira. Na pale hotelini, Kiswahili kimewekwa kwa daraja la juu kabisa. Hoteli za bei nafuu za Disney zinaitwa All-Star na Pop Century. Kiswahili ni cha wenye nacho. Mama anayezungumza hiyo lugha kila siku, anayeota kwa hiyo lugha, ndiye anayeuliza bei na kukunja simu. Hilo lilinikaa kooni kuliko namba zote za juu.

Basi nikaweka moyo kando nikaangalia miguu. Miguu ya shosho.

Kitu ambacho video nyingi hazisemi ni kwamba Jambo House, pamoja na bei yake, imeunganishwa na bustani zote kwa basi peke yake. Lakini Pop Century, hoteli ya daraja la chini, iko kwenye njia ya Skyliner, yale makasha yanayoning'inia kwa waya, yaliyoanza Septemba 2019. Yanakufikisha Epcot na Hollywood Studios, na kuna mahali maalum pa kuingilia kwa wenye viti vya magurudumu. Kwa hivyo mwenye goti bovu anaweza kusafiri kwa raha zaidi akilala kwa bei rahisi. Zaidi ya hapo, tangu Mei 2024 Disney imebana ile huduma yake ya kusubiri nje ya foleni, ikaielekeza kwa watu wenye changamoto za ukuaji kama otizimu. Goti la shosho pekee halitoshi. Yeye ataambiwa akodi kiti cha magurudumu, na foleni aikalie humo humo.

Upande wa Universal nikapata ujanja ambao mashabiki wa zamani wanaujua vizuri. Zile hoteli tatu za juu zinakupa Express Pass kuanzia siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Ukilala usiku mmoja tu, umepata siku mbili. Watu wanne, chumba kimoja, usiku mmoja, siku mbili bila kusimama sana. Nilipojumlisha bei ya kununua hizo pasi kando kwa watu wanne kwa siku mbili, kile chumba cha Royal Pacific kikaanza kuonekana kama msaada. Na unaweza kufika bustanini kwa boti, shosho amekaa, upepo unampiga.

Nikawatumia mpango: usiku mmoja Royal Pacific, halafu wahamie Pop Century kwa siku za Disney. Na alasiri moja waende kula Sanaa, pale Kidani Village. Huhitaji kulala hapo ili ule hapo, ukiweka nafasi mapema. Jikoni wanapika vyakula vyenye ladha za Kiafrika na Kihindi, na madirisha yanatazama ile nyika. Twiga ni wale wale, iwe umelipia kitanda au umelipia mkate na vichovyo.

Anti akafurahi. Binti akasema mbona Epic Universe haina Express kwa hicho chumba, nikamwambia hiyo siku utasimama kama sisi wengine. Shosho alisikiliza mpango wote kwa spika halafu akauliza swali moja: "Sasa hao watu hatusimami nao, wao watakuwa wamesimama wapi?"

Hilo swali limenisumbua hadi leo, kwa sababu linagusa mahali ambapo sisi mashabiki hatupendi kuangalia.

Rafiki zangu huniambia kuruka foleni ni kama kulipia kiti cha mbele kwa ndege. Mwenye pesa anastarehe, shida iko wapi? Mimi nasema si sawa. Kwa ndege, yule wa kiti cha mbele hanicheleweshi. Tunatua pamoja. Lakini kifaa cha bustani kina viti idadi fulani kwa saa, basi. Kila anayeingizwa kwa mlango wa haraka anachukua kiti ambacho kilikuwa kinanijia mimi. Dakika zake zimetoka kwa dakika zangu. Akiongezeka mwenye pasi, foleni ya kawaida inakuwa ndefu, na ikiwa ndefu, watu zaidi wanaona afadhali walipe. Ni biashara inayojilisha yenyewe. Na ndiyo sababu kampuni inaweza kupoteza watu milioni 3 langoni na isilie. Waliobaki wanalipa ili wasisimame nyuma ya wenzao.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Hata zile kuponi za 1971 zilimpa mwenye pesa safari nyingi zaidi. Lakini foleni yenyewe ilikuwa moja. Mtoto wa daktari na mtoto wa msafishaji walisimama kwa jua lile lile. Sasa mtoto wa msafishaji anapitwa mchana kutwa na watoto wa umri wake, na hakuna anayemwambia kwamba tofauti yao ilianza jana usiku, kwenye chumba ambacho mamake hangeweza kulipia.

Kuna dalili kwamba watu wameanza kuchoka. Julai 4 mwaka 2023, sikukuu ambayo zamani ungepigana na umati, foleni za Disney World zilikuwa fupi kiasi cha kushangaza wanaozipima kila siku. Joto, bei, meli za kitalii, kila mtu ana maelezo yake. Kwangu mimi hiyo ni habari njema kwa anti anayesafiri Agosti. Na Disney haijalala. Septemba 2023 ilitangaza kuwekeza karibu dola bilioni 60 kwa miaka 10 katika bustani na meli zake, na Agosti 2024 ikatangaza maeneo mapya kadhaa. Universal nayo tayari imejenga vitanda vyake. Mafahali wawili wakipigana, safari hii huenda nyasi ikapata kitu: bei za vyumba zikishuka kidogo, au basi la uwanja wa ndege likirudi.

Kwa hivyo kama una jamaa ughaibuni anayepanga hiyo safari, mwambie asianze na kuuliza bustani gani ina watu wengi. Aulize hiki chumba kinanipa dakika ngapi, kinanifikisha kwa njia gani, na nani kwa familia atasimama muda mrefu zaidi. Ajibu hayo matatu kwanza, ndipo aangalie picha za bwawa la kuogelea.

Anti ameshalipa vyumba vyote viwili. Shosho ameshaanza kutembea jioni kuzoeza goti, na amesema akifika pale Sanaa atamwagiza mhudumu kwa Kiswahili aone kama ataitikiwa. Nimemwambia asiwe na matumaini sana. Amenijibu kwamba jina la hoteli ni lao, lakini lugha ni yake.